Uchungu wa Mkorosho Mmoja

Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa moja kasoro asubuhi, Matilda alikuwa anakaanga chapati za safari, na mumewe Ndaki alikuwa nje anajaza upepo gurudumu la nyuma la pikipiki. Walikuwa wamepanga vyumba viwili pale Tangini, mjini Kibaha. Baridi ya kipupwe ilikuwa imeshaingia. Matilda alikuwa amevaa sweta la mumewe kwa sababu la kwake halikufunga tena vifungo. Mimba ilikuwa na miezi tisa na siku nne.

Ndaki alikuwa fundi wa milango na madirisha ya aluminiamu. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia Magindu na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Matilda alikuwa Mzaramo wa upande wa Kibuta, Mkatoliki, mwalimu wa darasa la tatu. Kipupwe ndio ulikuwa msimu wao wa kutembea. Masika yakishakatika, barabara za vumbi zinapitika na jua halichomi. Jumamosi moja walikwenda Magindu kunywa maziwa ya mgando kwa mama yake Ndaki. Jumamosi nyingine walipanda vilima vya Kisarawe, wakakaa kwenye khanga wakitazama ukungu ukitoka msituni na kubishana kuhusu jina la mtoto. Mara nyingi zaidi walikwenda kitongoji cha Mkorosho Mmoja, mbele ya Kibuta, kumwamkia Mzee Sixtus, baba yake Matilda.

Uchungu ulimshika Matilda akiwa anafunga chapati kwenye kitambaa. Ndaki aliita bajaji, wakafika hospitali mapema. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Elinipa, mwanamke mpole aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Matilda alipopanda kitandani uchungu ulikatika kama redio iliyozimwa. Elinipa alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akasema yako sawa kabisa, akawarudisha nyumbani.

Ilitokea hivyo mara tatu katika wiki mbili. Mara ya nne daktari aliamua kupasua. Kisu kilipokaribia, mtoto alipanda juu, akajibana chini ya mbavu za mama yake, na kila daktari alipobadilisha upande naye alibadilisha. Daktari alikuwa mtu mwenye subira. Baada ya robo saa aliweka kisu chini, akaandika kwenye faili: *Mtoto hayuko tayari.* Picha ya ultrasaundi ilimwonyesha amekaa wima, amekunja mikono kifuani, amewapa mgongo.

"Huyu amegoma," alisema Elinipa. "Ana sababu yake. Mkiijua, mnitafute."

Kisha akachukua kadi mpya ya kliniki na kuipachika kwa pini nyuma ya ile ya kwanza, maana miraba ya wiki ilikuwa imekwisha.

Mwezi wa kumi na moja wa mimba walikwenda Magindu. Mama yake Ndaki, Mwashi, alikuwa anakamua. Alimtazama mkwewe tumbo, akaendelea kukamua.

"Ng'ombe akimwona fisi, hazai," alisema. "Anabana, anatembea na ndama tumboni mpaka afike penye usalama. Huyo mtoto anakumbuka kitu. Kwenu kuna nini, mwanangu?"

Matilda alijua kwao kuna nini.

Miaka kumi na tisa nyuma, mama yake, Consolata, alishikwa na uchungu Mkorosho Mmoja. Hapakuwa na zahanati. Wanaume wanne walimbeba kwenye kitanda cha kamba kuelekea Kisarawe, na Mzee Sixtus akiwa mbele anaomba njia. Walipofika nusu ya safari, Consolata aliomba washushe kitanda kidogo. Walikishusha. Hakikuinuliwa tena kwa haraka. Alizikwa na mtoto wake tumboni, na Matilda, akiwa na miaka tisa, alishika msalaba.

Baada ya arobaini, watu wa Mkorosho Mmoja walisema basi. Walifyatua matofali wenyewe, wakayachoma wenyewe. Watoto walibeba mchanga kichwani kutoka bondeni kila walipotoka shule, na Matilda alikuwa mmoja wao. Ilichukua miaka mitano. Zahanati ikasimama: bati la bluu, vigae vyeupe, chumba cha kujifungulia chenye dirisha linaloangalia mashariki. Wakubwa wa afya waliisifu, wakaifunga kufuli ili isubiri uzinduzi.

Tangu hapo ilikuwa imezinduliwa mara tatu. Kila mara lori lilileta vitanda, magodoro na dawa zilizoazimwa mahali pengine. Utepe ulikatwa, watu walipiga makofi, na jioni lori liliondoka na kila kitu. Ukutani palikuwa na mawe matatu ya marumaru yenye majina ya wageni rasmi watatu. Jina la aliyefyatua tofali halikuwapo hata moja.

Walipotoka Magindu walinyoosha hadi Mkorosho Mmoja, mwendo wa karibu siku nzima na vituo vyake. Matilda alishuka kwenye pikipiki, akaenda hadi mlango wa zahanati, akaweka kiganja. Uchungu ulikuja mara moja, wa kweli, wa kumpigisha magoti. Alipoondoa kiganja, uliondoka. Alirudia mara mbili ili awe na uhakika.

"Ni hapa," alimwambia mumewe.

"Basi ni hapa," alisema Ndaki.

Mzee Sixtus alikuwa amesimama nyuma yao na rozari yake. Alisema mjukuu ana akili kuliko yeye, kwamba siku ile ya Consolata naye angekataa kuondoka, angekaa pale pale na mkewe mpaka mtu alete kila kinachotakiwa. Alilia kidogo, akaingia ndani kuwawekea maji ya chai.

Jumatatu Ndaki aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Pazi. Mtendaji alikuwa anakunywa supu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, kijana wangu. Mtoto anataka zahanati. Hata mimi naitaka. Lakini ile inasubiri kuzinduliwa."

"Mzee, imezinduliwa mara tatu."

"Kuzinduliwa ni kitu kimoja. Kufunguliwa ni kitu kingine. Andika barua."

"Mke wangu ana mimba ya miezi kumi na moja."

"Iandike humo humo."

Ndaki aliandika barua. Aliandika nyingine Agosti, nyingine Septemba. Kwa barua ya nne alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa, na kwamba mwombaji aambatishe cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Siku aliyopata jibu hilo, Ndaki alichukua mkasi wake wa kukatia vyuma, akapanda pikipiki bila kula. Alifika saa sita mchana, akakata kufuli la zahanati mbele ya watu wote. Ndani alikuta magunia ya korosho ya mtu asiyejulikana, popo, na kiti kimoja cha plastiki. Vigae vilikuwa bado vyeupe. Hapakuwa na kitanda wala bomba la maji, wala muuguzi. Alikaa kwenye kile kiti na mkasi mapajani, akakaa mpaka mgambo wawili walipomfuata.

Aliwekwa rumande siku mbili kwa kuharibu mali ya umma. Mzee Sixtus alikwenda kumdhamini. Alimuuliza askari mali hiyo ni ya umma upi, maana umma wa Mkorosho Mmoja ulikuwa nje umekaa chini ya ukuta, na haukuwa umeshtaki. Askari alisema yeye ni mdogo. Kufuli jipya lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Mwaka ukageuka. Likizo ya uzazi ya Matilda ilianza na kwisha. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akimpenda, alimwonyesha fomu: palikuwa na nafasi ya tarehe ya kujifungua tu, hapakuwa na nafasi ya mtoto anayesubiri. Matilda alirudi darasani. Alifundisha amekaa. Watoto wa darasa la tatu walizoea, na mwalimu alipofundisha nyimbo waliimba kwa sauti zaidi ili aliye ndani naye asikie. Mwezi wa kumi na sita mtoto aliota meno. Matilda alijua kwa namna alivyokuwa akisaga usiku. Mwezi wa kumi na nane alianza kujizungusha kila mlango ulipobishwa. Ndaki alipanua kiti cha pikipiki kwa kipande cha aluminiamu na sponji.

Kipupwe kilipoingia tena walirudi kwenye matembezi yao. Walikuwa watatu sasa, ingawa mmoja hakuonekana. Walipanda vilima vya Kisarawe polepole, Ndaki akimshika mkewe kiuno kutoka nyuma. Walikula machungwa, wakaangalia ukungu.

"Umechoka?" Ndaki aliuliza.

"Sijachoka kubeba," alisema Matilda. "Nimechoka kuomba. Tofali nimebeba, mchanga nimebeba, mama nimezika. Sasa kwa nini niombe kilicho changu?"

Ndaki alichukua chungwa lingine. Alilimenya, akampa lote.

Katikati ya Agosti zilikuja habari kwamba zahanati itazinduliwa mara ya nne. Mtendaji Pazi mwenyewe alimpigia Ndaki simu, kwa sauti ya furaha ya kweli. Siku hiyo Matilda alifika asubuhi na mapema, mimba ina miezi ishirini na tatu. Maturubai yalikuwa yamefungwa, ngoma zipo, lori lilikuwa linashusha vitanda. Muuguzi pia alikuwa wa kuazimwa, kijana anayeitwa Godbless, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya boksi.

Utepe ulikatwa saa nne na nusu. Mlango ulipofunguliwa Matilda aliingia kabla ya mgeni rasmi. Mtu mmoja wa itifaki alijaribu kumzuia, wanawake wa Mkorosho Mmoja wakamzunguka yule mtu kwa vigelegele mpaka asionekane.

Alipanda kitanda cha kwanza. Mtoto hakusita. Nje mgeni rasmi alikuwa anasema kwamba hakuna mama atakayekufa tena kwa kukosa huduma, na ndani Godbless alikuwa anasema, "Sukuma, dada, sukuma, yuko hapa." Alizaliwa kati ya makofi ya kwanza na ya pili. Alikuwa msichana, ana meno manne, nywele zinafika mabegani. Hakulia. Alitazama dari, vigae, dirisha la mashariki, kisha akamtazama mama yake, na akaomba maji.

"Anaitwa Consolata," Matilda alisema, na hakuna aliyebisha.

Mgeni rasmi alipigwa picha naye. Alisema huo ndio ushahidi. Jiwe la nne la marumaru lilibandikwa, magari yakaondoka na vumbi lake.

Saa kumi na moja jioni lori lilirudi nyuma taratibu hadi mlangoni. Wapakiaji walitoa kabati la dawa, mizani, vitanda vitatu. Wakafika kwenye kitanda cha Matilda, wakasimama. Godbless aliingia, koti ameshavua.

"Dada, nisamehe," alisema. "Godoro nimelisainia mimi. Wodini kwetu wenzako wawili wamelala chini tangu asubuhi kwa sababu ya shughuli hii."

Ndaki alisimama katikati ya mlango, mikono imeshika pande zote mbili za fremu. Wapakiaji waliangalia chini.

"Hapiti mtu," alisema. "Mke wangu ana saa sita tangu ajifungue. Hapiti mtu na godoro hapa."

Ni Matilda aliyemwambia apishe. Alisema hawezi kulalia godoro la mwanamke mwingine anayelala sakafuni. Mzee Sixtus alileta mkeka, wakamshusha juu yake, na godoro likatoka likiwa bado na joto. Mtoto, sasa akiwa mikononi mwa baba yake, alilifuata kwa macho mpaka kwenye lori. Godbless alipanda nyuma pamoja na vitanda, akajifunika uso kwa koti. Mtendaji Pazi alisubiri wampeleke mzazi nyumbani kwa baba yake, kisha akafunga. Alisema ufunguo anatakiwa kuukabidhi kesho yake, yeye hana mamlaka ya kukaa nao.

Matilda na Ndaki walirudi Tangini baada ya wiki mbili. Elinipa alimpima Consolata, akamwandikia kadi ya kawaida, akasema meno yako vizuri. Wanawake wenye mimba wa Mkorosho Mmoja, ambao siku ya uzinduzi walikuwa wanane, waliona watoto wao wametulia ghafla. Wa kwanza kupitisha tarehe alikuwa Kudra, muuza maandazi. Wengine walifuata. Hakuna aliyekwenda kwa mganga. Walishona magauni mapana wakaendelea na palizi.

Mwaka uliofuata, kipupwe, wakubwa wa afya walikusanya takwimu zao na kuona kwamba Mkorosho Mmoja hapakuwa na kifo hata kimoja cha uzazi kwa miezi kumi na miwili. Walitayarisha cheti cha pongezi chenye fremu ya dhahabu. Sherehe ilifanyika kwenye baraza la zahanati kwa kuwa ndani palikuwa pamefungwa. Kudra, mimba ya miezi kumi na mitano, ndiye aliyechaguliwa kupokea kwa niaba ya akina mama. Alipiga goti kama adabu inavyotaka, akakipokea kwa mikono miwili, akauliza ufunguo uko kwa nani.

Mpiga picha alimwomba asogee kidogo kulia, na atabasamu.