Nishike Wapi?

Harufu ilikuwa imehamia ndani ya chumba kile kama shemeji asiye na haya: ilikuja bila kuitwa, ikajilaza kwenye mto, ikaning'inia kwenye pazia, ikaingia hadi kwenye nguo za wateja zilizokunjwa kando ya cherehani. Fundi alifua, akapiga deki, akafungua madirisha. Wapi! Harufu ilitoka mgongoni kwa mumewe, juu kidogo ya makalio, na huko huwezi kupiga deki.

Mumewe alikuwa seremala wa mapaa. Alianguka, uti wa mgongo ukaumia, miguu ikagoma. Kwa kulala siku nenda siku rudi, ngozi ya mgongo ikachoka, ikatoboka. Muuguzi aliyekuja kukiosha kidonda alikuwa mtu wa maneno machache.

"Dawa ni nusu," alimwambia Fundi akivua glavu. "Nusu nyingine ni kumgeuza. Na umgeuze kwa kumnyanyua, siyo kumburura. Kikifika kwenye mfupa, mama, usiniite mimi tena. Mwite mchungaji."

Sasa seremala mwenyewe alikuwa pande la mtu, na Fundi alikuwa mwembamba kama uzi anaoshonea. Akivuta bega, kiuno kinabaki. Akisukuma kiuno, ngozi inakwaruzika kwenye shuka na kidonda kinafunguka upya.

"Unanikokota kama gogo," mumewe alimtania, meno yakiuma shuka.

"Gogo lingekuwa na adabu ya kunyamaza, baba."

Walicheka. Kisha wakaacha kucheka, kwa sababu shuka lilikuwa limelowa.

Ndipo Fundi akambeba binti yao mgongoni akaenda kwenye sala ya jumuiya, zile nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki. Alipopewa nafasi alisimama akasema waziwazi: "Ndugu zangu, sihitaji kitu. Nahitaji mtu. Mmoja asubuhi, mmoja jioni, anisaidie kumgeuza mume wangu."

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, aliitikia kwa kichwa huku amefumba macho kama anayeonja asali. "Tumekusikia, dada. Jumuiya hii haijawahi kumwacha mtu wake."

Asubuhi hakuja mtu. Jioni hakuja mtu. Wiki ikaisha hivyo, kidonda kikazama.

Kumbe walikuwa wakingojana. Jumuiya ile ilikuwa na desturi yake: mwenye shida hutembelewa na wote, siku moja, kwa sare, kwa wimbo na kwa picha. Kwenda peke yako kulihesabiwa kujitafutia sifa. Basi ikabidi wapate siku inayowafaa wote, na sare zifuliwe, na mwenye simu ya picha arudi safari. Huo ndio upendo wao. Haukosi kuja, ila huja ukiwa umepigwa pasi.

Walifika Jumamosi mchana wakiimba tangu barabarani. Chumba kikajaa vitambaa vya kijani. Fundi alipowaona wengi vile, moyo ulimruka. Mikono yote hii! Akajiona mjinga kwa kulaumu. Akachemsha chai, akapaka mkate siagi, maana mgeni njoo mwenyeji apone.

Ila hakuna aliyesogea kitandani. Walijibana upande wa mlango kama kuku waliomwona paka. Mama mmoja alipulizia marashi leso yake, akaibandika puani, akaimba kwa kupitia humo. Mwingine alimfinya mwenzake. Nyuma kabisa alikaa muuza mboga waliyemwita Redio, kwa kuwa habari haikulala kwake. Huyo ndiye aliyetangaza bombani, kwenye foleni ya maji, kuwa Fundi hamwogeshi mumewe. Fundi alimpa chai bila kumtazama.

Mwenyekiti alihubiri juu ya kubebeana mizigo. Alihubiri, akatafuna mkate, akahubiri tena. Siagi ilipomchuruzika vidoleni, alinyoosha mkono kwenye kiti cha kando ya kitanda, ambako Fundi alikuwa ameweka vitambaa vya kidonda: vyeupe, vimechemshwa, vimeanikwa juani, vimepigwa pasi kimoja kimoja. Akachukua kimoja. Akafuta vidole, akafuta midomo, akakirudisha juu ya vingine kikiwa na alama ya njano.

Fundi alihisi chai inampanda kooni. Ajabu, usaha wa mumewe haukuwahi kumtapisha. Siagi ile ilitaka kumtapisha.

"Sasa picha," alisema Mwenyekiti. "Mgonjwa ageuze uso huku kwenye mwanga. Dada, ondoa hilo beseni, linaharibu. Sabuni na sukari tulivyoleta viwekwe hapa kifuani pake, vionekane."

Wakampakia seremala pakiti za sukari kifuani kama rafu ya duka. Alifumba macho. Chozi lilimtoka likaingia sikioni, na hakuna aliyelifuta, maana kila mtu alikuwa anatazama simu.

"Tabasamuni! Halafu tufunge kwa sala, wengine tuna harusi."

"Mtafungaje kitu ambacho hamjakianza?" Fundi alisema.

Hakupiga kelele. Aliondoa sukari, pakiti kwa pakiti, akaziweka sakafuni. Akashika ncha ya shuka. "Baba, niwie radhi."

"Wafunulie," mumewe akasema. "Nimechoka kuwa siri."

Akalivuta. Akamsukuma bega kadiri nguvu zake zilivyofika, na kidonda kikatazama chumba kizima, chekundu, cheusi pembezoni. Harufu iliyokuwa imejificha ilisimama wima. Leso zikapanda puani kwa pamoja kama kwa amri. "Yesu wangu!" mtu akasema. Mwenye marashi alikuwa ameshafika mlangoni. Mwenyekiti akaanza haraka haraka, "Baba uliye juu, tunakushukuru kwa mchana huu..."

"Amina itasubiri!" Fundi alimkatiza. "Niliomba mtu, mmeniletea wimbo. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, sivyo? Basi njooni mlipime kanda lenyewe. Anayeweza kumnyanyua abaki. Anayekuja kunusa na kuondoka, njia ni hiyo."

Kisha nyayo za mtu anayekimbia. Redio alipita akijiziba mdomo, akatoka, na wote wakamsikia akitapika kwenye mtaro wa maji machafu, kwa sauti, bila aibu.

Naam, Fundi akajisemea, kesho bomba zima litajua.

Maji yalisikika yakimwagwa. Redio akarudi ndani, macho mekundu, kidevu kinadondosha matone, mikono ya sare imekunjwa hadi juu ya viwiko.

"Nimetapika, nimemaliza," alisema. "Nishike wapi?"

Fundi alimtazama. Hakumpenda. Hata dakika ile hakumpenda. "Nawa kwa sabuni. Halafu pitisha mkono chini ya kiuno. Mimi bega. Tunanyanyua, hatuburuti."

"Shemeji, samahani kwa kutapika," Redio alimwambia mgonjwa.

"Hata mimi ningeweza kukimbia ningekimbia," seremala akajibu.

Wakamnyanyua. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, aligeuka bila shuka kumkwaruza, akatoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia. Fundi akaosha kidonda. Redio alishikilia, uso umekunjamana, akimeza mate, hakuachia.

Walipomaliza, Redio aliwageukia waliobaki. "Kesho asubuhi ni mimi tena. Jioni ni wewe, Mwenyekiti. Peke yako. Desturi ya kwenda kundi zima imekufa leo, tumeizika hapo mtaroni. Na mnanijua jina langu. Atakayekosa zamu, taarifa ya habari itamtaja."

Jioni iliyofuata mlango uligongwa. Mwenyekiti alisimama kizingitini bila sare, bila Biblia, akiwa na uso wa mtoto aliyeonyeshwa kijiko cha dawa. Fundi bado aliiona ile siagi vidoleni mwake. Hakumkaribisha chai. Alimwonyesha sabuni, akamwonyesha sufuria ya vitambaa vilivyokuwa vinachemka upya, kisha akamsogeza kitandani.

"Nishike wapi?" aliuliza Mwenyekiti, pumzi ameibana, shingo ameigeuzia ukutani.

"Kiunoni. Na utazame huku, mzee wangu. Tazama unachoshika."

Akatazama.