Isale la Shemeji

Watu wa Moshi mjini wakipanda huku kwetu kwa harusi au mazishi hawakosi kusema, "Nyie mnafaidi, mnaishi mtoni." Wanasimama darajani, wanapiga picha, wanavuta hewa kwa nguvu, halafu wanashuka zao. Mimi huwa nawaangalia tu. Mji wetu unaitwa Daraja Mbili na daraja ni moja; lile lingine lilienda na mafuriko, na wakubwa bado wanalifikiria. Mto wenyewe uko chini kabisa korongoni. Tunausikia mchana kutwa, lakini ukiyataka maji yake unashuka kwa makalio na kupanda kwa magoti, ndoo kichwani.

Zamani hatukuwa hivi. Babu yake marehemu mume wangu na wenzake walichimba mfongo. Waliyakamata maji huko juu karibu na msitu, wakayazungusha na mlima kwenye mfereji wa udongo na mawe hadi yakafika vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, katikati ya migomba. Mfongo ulipita kwa kila mtu, na kila mtu alikuwa na zamu yake. Kabla ya kiangazi tulitoka wote kuuzibua, na asiyetoka alitozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, tukainywa huku tunamcheka. Tangu niolewe sikuwahi kubeba ndoo kwa ajili ya shamba.

Mwaka juzi niling'oa mibuni ya zamani iliyochoka, nikapanda miche mipya. Mjane wa umri wangu akipanda kahawa ambayo haiwezi kuvunwa leo wala kesho, watu wanamsema. Na walinisema. Sikujali, kwa sababu maji nilikuwa nayo.

Sasa nije kwa shemeji yangu Calvin. Ni mdogo wake marehemu, anaishi Dar, na kama Wachagga wote anarudi nyumbani Desemba. Desemba iliyopita alirudi na mafundi. Kiwanja cha wazazi, anakokaa mama mkwe wangu Elizabeth, kiko juu kidogo ya kwangu, na mfongo ulitoka kwao ukaishia kwangu. Akajenga ukuta, akatandaza pavingi ua mzima ili magari ya wageni yasikanyage tope. Mfongo ulipita katikati ya ua ule. Akaufukia! Hakuuliza mtu. Na masale ya mpakani, yale majani marefu tunayoyapanda kuzunguka vihamba na kwenye makaburi, ambayo Mchagga hayang'oi hata akiwa amelewa chakari, aliyang'oa yote akaweka nguzo za taa.

Mimi niligundua siku ya zamu yangu. Nilikwenda na jembe kufungulia maji, nikakuta mfereji mkavu na chura amekaa katikati ananishangaa.

Nikapanda moja kwa moja hadi kwake. "Shemeji, maji yangu yako wapi?"

"Shemeji Margareta," akasema, simu bado iko sikioni, "hiyo mifongo imepitwa na wakati. Nitakuvutia bomba."

"Lini?"

"Tutaongea."

Hatukuongea. Alipanda gari lake akarudi Dar, na kiangazi kikaingia.

Nikaenda kwa Mzee Thadeus, msimamizi wa mfongo, mtu tuliyemchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikamweleza. Alinisikiliza huku anakwangua chini kwa fimbo yake.

"Vumilia, mama," akasema. "Yule kijana ametusaidia mabati ya kanisa."

"Kwa hiyo kahawa yangu imwagiliwe mabati?"

Akasema mimi nina mdomo. Ni kweli ninao, na Mungu hakunipa kwa ajili ya kulia mtori tu.

Basi nikawa nashuka korongoni. Asubuhi nashuka, jioni nashuka, mgongo unaniuma, na ndoo nikiimwaga kwenye mche mmoja udongo unaimeza kabla sijainua macho. Majani yalianza kukunjamana, kisha yakawa yanadondoka. Kila nikipanda na ndoo napita nje ya ukuta ule mpya, na chini yake najua kuna mfereji wa ukoo umelazwa kama maiti isiyoombewa. Nilimkasirikia Calvin, nikamkasirikia Thadeus, nikamkasirikia na mama mkwe wangu aliyekaa ndani ya ukuta ule bila kusema neno.

Februari Calvin akarudi. Nyumba imekwisha, anataka padre aje kuibariki. Padre wetu ni mtu wa msimamo. Akatuma ujumbe kwamba habariki nyumba yenye ugomvi na jirani. Hapo ndipo shemeji alipokumbuka kwamba mimi nipo duniani.

Niliitwa Jumamosi, siku moja kabla ya baraka. Nikakuta uani kwao viti vimepangwa, ukoo umejaa, mbuzi anachomwa, na Mzee Thadeus ameshika kata ya mbege. Calvin akainuka na shati lake jeupe. Mikononi alikuwa na isale.

Kwetu isale ndiyo njia ya kuomba radhi. Mkosaji anakata jani, analifunga fundo, anakuja nalo, na uliyekosewa hulikatai, hata kama aliyekosa amemwaga damu. Huo ni utaratibu wetu na mimi nauheshimu. Lakini huyu hakuwa na jani. Masale ya kwake alishayang'oa yote, kwa hiyo alinunua kwa wauza maua wa mjini, zima, ndani ya chungu cha plastiki, na utepe mwekundu juu. Kina mama nyuma yangu wakaanza kukohoa. Hawakuwa na kikohozi.

"Shemeji," akasema, "nimekuja na isale. Tuyamalize."

"Na maji?"

"Maji tutayaongelea baadaye. Kwanza unisamehe."

"Isale halikataliwi, mama," akadakia Thadeus. "Pokea, watu wana njaa."

Nilihisi hasira inanipanda mpaka masikio yakaziba. Mtu ananinyang'anya, ananikausha, halafu mila za babu zangu anazileta zimefungwa utepe ili nimwambie asante! Na ukoo mzima unanitazama niharakishe kwa sababu nyama inaungua. Nikakitazama kile chungu. Chini kilikuwa na matundu, na kwenye matundu mizizi imechungulia.

"Nimepokea," nikasema.

Wakapiga makofi. Thadeus akainua kata yake. Mimi nikakipakata chungu changu, nikaenda hadi pale mfongo ulipokuwa unaingilia uani, nikachukua mtaimbo wa mafundi uliokuwa umeegemezwa ukutani. Makofi yakakatika. Niling'oa pavingi ya kwanza, ikafuata ya pili, nikafika kwenye udongo. Bado ulikuwa na kokoto za mfongo. Nikachana plastiki, nikalisimamisha isale, nikalishindilia kwa mguu.

"Shemeji, umefanya nini?" Sauti ya Calvin ilikuwa imepanda.

"Isale la kuomba radhi hukatwa, likafungwa fundo," nikasema. "Wewe umeniletea lenye mizizi. Lenye mizizi ni la mpaka. Ukingo wa mfongo ni hapa, na alama yake umeileta wewe mwenyewe mbele ya ukoo."

Nikamgeukia Thadeus. "Au nasema uongo, msimamizi?"

Mzee alitazama ndani ya kata yake. "Husemi uongo," akajibu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Calvin akamgeukia fundi wake. "Ng'oa hiyo kitu!"

Fundi aliangalia viatu vyake. "Bosi, mimi mwenyewe ni wa huku."

Basi Calvin akakunja mikono ya shati, akainama mwenyewe. Ndipo mama Elizabeth, kutoka kwenye kiti chake mlangoni, aliposema neno lake la kwanza tangu Desemba.

"Calvin. Liguse nione."

Hakusema kwa nguvu. Calvin alibaki ameinama pale, mkono umening'inia karibu na jani, mpaka ukoo wote ukaona jinsi shingo yake ilivyokuwa inatoka jasho. Kisha akainuka, akaenda ndani. Mama mkwe wangu akamwambia fundi aulize kwake mfongo ulipita wapi, yeye anaukumbuka, aliolewa ukiwepo. Nilimwamkia kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, naye akaitikia kama hakuna kilichotokea.

Walifukua mchana ule wote. Maji yalifika kwangu jua likizama, meusi, yamebeba vumbi la saruji, na juu yake unaelea utepe mwekundu. Niliunyakua nikautupa jikoni motoni, nikashika jembe.

Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Kosa la mfongo nimelisamehe; isale nimelipokea, lipo pale linaota, padre mwenyewe aliliona. Lakini nusu ya miche yangu ilikuwa imeshakufa. Niliing'oa mmoja mmoja, nikaipanga kwenye ukuta wake wa nje, mizizi juu, na hapo ipo mpaka leo. Kwa ajili ya miche hiyo bado nasubiri isale, na safari hii alikate.