Asilimia Ishirini na Saba

...na bado ni ishirini na saba, ilikuwa ishirini na saba mzee alipofungua soda yake na sasa soda imebaki povu tu chini ya chupa, na kidole gumba cha mguu wa kulia wa Waisiko kimetulia juu ya swichi ya ekstensheni chini ya meza, hakibonyezi wala hakiondoki, kimekaa tu, kinasikia joto la plastiki, naye anajiambia akibonyeza nani atajua, Mugumu hii umeme unakwenda na kurudi unavyotaka, skrini itakuwa nyeusi, atashtuka kidogo kwa adabu, atasema pole baba, umeme huo, na diski iliyochoka namna hii ukiikatia moto katikati ya kurekebishwa haiamki tena, si kwake, si kwa fundi yeyote toka hapa mpaka Musoma... "Inakwenda, mke wetu?" Inakwenda, baba, inakwenda pole pole. Mke wetu! Amelitamka tangu pale mlangoni, amekumbatia sipiyu kifuani imefungwa kwenye kitenge kama mtoto wa mtu, jasho linamtiririka, mzee Machage mwenyewe, mwalimu mstaafu, katibu wa ukoo, kashuka kwenye basi kutoka Kemambo kuja kumtafuta fundi mwanamke aliyesifiwa huko Nyamongo kwamba anafufua kompyuta zilizokufa, hakujua ni nani, akatupa macho ndani, akaona, na badala ya kugeuza njia kwa aibu akacheka, kumbe ni mke wetu! kana kwamba wameachana jana kisimani, kana kwamba hakuna miaka kumi na moja katikati... Aibu huyu mzee alizaliwa bila yake, au aliitoa mahari. Akapewa kiti, na soda akanunuliwa, maana mteja ni mteja, na moyoni Waisiko akasema kaa, baba, kaa vizuri, leo umejileta kwa miguu yako.

Na alianza kazi kama anavyoianza siku zote, kwa kuuliza tatizo lilianza lini, na mzee akadanganya kama wanavyodanganya wote, ilianza yenyewe, mimi sijagusa kitu, inawaka, inazunguka vile viduara, inazima, inawaka tena, na vijana wawili wa Nyamongo wamesema dawa ni kupiga windo upya na kufuta kila kilichomo, nami siwezi kufuta. Siwezi kufuta! Akafungua kava. Vumbi la kulima vitunguu, mende watatu wakavu, feni imekaba. Akapuliza, akachomoa ramu, akaisugua meno kwa kifutio cha penseli, akairudisha mpaka ikalia taki, akabadilisha kebo ya diski, akaiwasha kwa ile njia ya usalama ambayo windo hupanda na vitu vichache tu, na humo akayaona madhambi yote ya mwenye mali: antivirusi tatu zinapigana zenyewe kwa zenyewe, diski imejaa mpaka mlangoni hakuna hata nafasi ya mfumo kuhema, na kila jioni, kila jioni ya Mungu, mashine imezimwa kwa kung'olewa ukutani. Mbona unaing'oa, baba? "Si inaandika inasubiri, inasubiri, asilimia sijui ngapi, nami nataka kulala. Umeme unaliwa." Skrini ilimwandikia usizime kompyuta. Mtu huyu amefundisha darasa la saba miaka thelathini, amewachapa watoto kwa kutosoma maagizo, na maneno mawili ya skrini hakuyasoma, alikuwa anaukata mfumo shingo kila jioni ukiwa katikati ya kujirekebisha, kisha anakuja kusema ilianza yenyewe... ndivyo alivyo, alivyokuwa, kitu kikiwa katikati ya kusimama yeye anaking'oa, halafu anauliza mbona kimeanguka.

Maana na Waisiko aling'olewa hivyo hivyo. Siku ya tatu baada ya kumzika mama Mogesi, majivu ya matanga hayajapoa, mabati yakashushwa, vyungu vikawekwa nje, na huyu huyu anayekunywa soda yangu akasimama uani mbele ya watu akasema tangu lini mwanamke akaoa mwanamke, huyu alikuwa kijakazi wa shemeji yangu, wala mtoto wake si wa ukoo huu. Mwongo! Kila Mkurya aliyesimama pale alijua. Mama Mogesi alifiwa na mume akiwa hana mtoto wa kiume, akafanya kile ambacho desturi inamruhusu mwanamke kama yeye, akatoa ng'ombe wake, akamwoa Waisiko, binti wa miaka kumi na sita, ili atakaowazaa wawe watoto wa nyumba yake na warithi shamba lake, nyumba ntobhu, kitu cha kawaida, kitu cha babu na bibi, na mama Mogesi alimpenda, tuseme ukweli, alimpenda kuliko wengine wanavyopendwa na wanaume wao, alimlea mtoto wao Sylvester mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Watu wakainamisha vichwa. Waisiko akasema niliolewa kwa ng'ombe kumi na mmoja, mlikula nyama ya siku ile, na Machage akamtazama kwa ile miwani yake ya ualimu, akasema neno moja ambalo Waisiko amelala nalo na kuamka nalo miaka yote hii. Leta karatasi. Kama uliolewa, leta karatasi. Na kitabu cha ukoo kiko kabatini kwake! Yeye ndiye katibu, yeye ndiye mwenye ufunguo! ...ishirini na saba. Kidole kinabonyea kidogo, milimita moja, swichi inaanza kukubali.

"Wewe ulijifunzia wapi ufundi huu, mke wetu?" Hapa hapa mjini, baba. Hapa hapa, kwa kufagia. Alifagia duka la Omondi, Mjaluo wa Sirari, miaka miwili anafagia na kuchungulia, mpaka siku moja Omondi akamsukumia bisibisi, akamwambia wewe madam umeniangalia sana, hebu fungua hiyo kitu tuone, na akawa anamfundisha kwa kelele, usikimbilie kupiga windo upya kama hao majamaa wavivu, sikiza mashine kwanza, cheki waya kwanza, cheki joto, asilimia ikiganda usiguse, angalia ile taa ndogo ya sipiyu, ikipepesa bado inafanya kazi, iache hata mpaka kesho, na kuliko yote, wewe madam, data ya mtu ni maisha ya mtu, kopi kwanza, halafu ndio ulete ujuaji wako. Kopi kwanza. Miaka yote hajawahi kuiruka sheria hiyo, hata kwa mashine ya mlevi, hata kwa wale wanaoleta kompyuta yenye sinema tupu. Leo ameiruka. Diski ya kuhifadhia ipo pale rafuni, mkono haukwenda. Aliianzisha kazi ya kukagua na kurekebisha diski hivi hivi, uchi, bila kukopi hata faili moja, na wala hakujisingizia kwamba amesahau, alijua anachofanya kama mtu anayeacha mlango wa zizi wazi makusudi. Ikifia mikononi, ife. Na ikikataa kufa yenyewe, kidole kipo. Atarudi Kemambo na bati tupu kwenye kitenge. Atajua maana ya kusimama uani na vyungu vyako. Atalia? Hataki alie sana, anataka alie kidogo tu, hapo hapo kwenye kiti, mbele yake, aombe, na yeye amjibu kwa upole ule ule wa siku ile... nini kilichomo humo hasa, anachokiogopea hivi? Picha za wajukuu? Kwaya? Chochote kile, kiende, kiende chote.

Mzee anaendelea kusema, Waisiko anasikia nusu, nusu nyingine inamezwa na sauti ya feni, "...huyu Waitara, jirani yetu yule wa ng'ambo ya kijito, si unamkumbuka, amelima amevuka mpaka hatua arobaini, mwizi wa mchana, nimempeleka baraza la ardhi, sasa wanataka ushahidi wa maandishi," ndiyo baba, "nami ninao, wazee walikwisha kukata huo mpaka zamani, Waitara mwenyewe akaweka dole gumba," ndiyo, "ila kitabu cha ukoo kimeliwa na mchwa, chote, majalada yamebaki," pole baba, "lakini mimi si mjinga, kabla hawajakimaliza nilikipeleka kwenye skana ya shule, kurasa zote na sahihi zake, zimo humu ndani, wewe niokolee hizo tu, nyingine hata ukifuta..." Na Waitara anamkumbuka, alikuwa mtu mwembamba mwenye kukohoa, alikaa kwenye gogo siku ile akibishana juu ya kijito... siku gani ile, baba? "Kikao cha mwezi wa nane, tisini na nane," anasema mzee, "tulichinja na fahali, wewe ulikuwa mtoto bado."

Alikuwa mtoto bado. Alikaa kwenye ngozi mlangoni kwa mama Mogesi, kichwa kimepakwa mafuta, kwa sababu yule fahali alichinjwa kwa ajili yake. Mwezi wa nane, tisini na nane. Wazee waliona kwa kuwa wamekwisha kusanyika wayamalize yote, kwanza wakamaliza mpaka na Waitara, kisha wakasema sasa la pili, na mwalimu Machage, bado kijana, suruali ya kitambaa, akafungua ukurasa mpya akaandika, akasimama akasoma kwa sauti ya darasani ili kila mtu asikie: Mogesi ametoa ng'ombe kumi na mmoja, amemwoa Waisiko, watoto watakuwa wa nyumba ya Mogesi, shamba la Mogesi ni kuanzia kijitoni hadi njia ya ng'ombe, na hakuna ndugu atakayewasumbua. Na wakamwita, na akaenda, na mama Mogesi akamshika dole gumba akalibonyeza kwenye wino, wino wa zambarau, hautoki hata kwa majivu, alikula ugali na kidole cha zambarau siku nne. Dole lake lipo. La mama Mogesi lipo. Sahihi ya katibu ipo chini, chini kabisa, mwisho wa yote mawili, kwa sababu kikao kilikuwa kimoja na sahihi zilikuwa za pamoja... Leta karatasi. Karatasi iko hapa, Mungu wangu, iko hapa mezani kwangu, ndani ya bati hili, ni hii diski.

Na amesahau! Anamwangalia mzee, macho yana utando mweupe, anapangusa mdomo kwa kiganja, hana hila yoyote usoni, kwake ile ni siku ya Waitara na hatua arobaini, yeye Waisiko hayumo kabisa kichwani mwake. Angekuwa anakumbuka angeifukia kompyuta shimoni. Amemng'oa mtu nyumbani kwake, amemfanya Sylvester akue mbali na pale kitovu chake kilipozikwa, kijana wa miaka ishirini na minne anachomelea mageti ya watu pale Kewanja, akinyanyua kichwa anaona kilima cha kwao na hawezi kusimika hata nguzo ya choo, na mwenye kuyatenda ameyasahau kama mtu anavyosahau aliweka wapi kofia. Hasira inampanda mpya kabisa, ya moto kuliko ile ya kwanza, inampanda mpaka kwenye masikio... na hapo hapo anausikia mguu wake mwenyewe. Kidole. Ee! Anakinyanyua pole pole sana, kwa jinsi unavyomtoa mtoto ziwa akiwa amelala, asiitikise ile swichi, akarudisha mguu nyuma chini ya kiti, akaukanyaga kwa mguu mwingine ili usirudi. Jasho limemtoka mgongoni. Kopi kwanza, madam. Sikukopi! Nimeikagua uchi, kwa roho yangu mbaya, na sasa siwezi kuikatiza, nikiikatiza nimeiua, nikiiacha sijui, vipande vilivyooza inavibagua moja moja, na ukurasa wangu uko kipande gani, uko kwenye kizima au kwenye kilichooza... ishirini na saba. Taa ndogo inapepesa. Inapepesa, imesita, inapepesa. Sogea, tafadhali sogea hata moja. Usikatike, umeme wa Mugumu, leo tu usikatike. Mtu aliyekuwa anaombea ife ndiye huyu huyu anaombea ipone, na mzee upande wa pili wa meza anaombea hilo hilo, wote wawili wanaikodolea macho namba moja kama watu wa kanisa moja.

Na hatamwambia. Hapana, hatamfumbua macho. Hatamwibia faili wala kumfichia, hana haja, ataiponya mashine yake kama anavyoponya za wengine, atasafisha, ataondoa antivirusi mbili, atamwonyesha namna ya kuizima kwa adabu, atamkabidhi na mikono miwili, na Machage mwenyewe, kwa nauli yake, kwa miguu yake, atakwenda kuiweka karatasi hiyo mbele ya baraza, aisome kwa sauti yake ya darasani mpaka kwenye sahihi yake. Waisiko atakuwa amekaa benchi la nyuma na Sylvester. Tumbo linamcheka lenyewe, kicheko kibaya, kitamu. Ilimradi ipone. Ilimradi hii namba iondoke hapa. Anavuta waya wa ekstensheni taratibu, anauficha nyuma ya mguu wa meza mtu asijikwae, anahamisha chupa ya soda mbali na kibodi.

"Bado ishirini na saba tu?" mzee anauliza, anainama karibu na skrini, hofu imemwingia sauti. "Itapona kweli, mwanangu?"

"Tuiache ifanye kazi, baba. Tusiiguse."

"Ikipona unitolee hapo hapo kwenye printa, hicho kikao cha mwezi wa nane. Baraza wamesema wanataka muhtasari mzima mpaka kwenye sahihi, si kipande. Toa zote. Usiruke hata ukurasa mmoja."

"Siruki, baba," akasema Waisiko, na macho hayakutoka kwenye ile ishirini na saba.