Darasa la Mtaroni

Eti mvua! Kila mtu pale shuleni, karibu na mtaa wa Mowlem, alikuwa na jibu hilo moja mdomoni: mafuriko yameletwa na mvua, na mvua ni ya Mungu, basi yameisha. Mwalimu Kavata akilisikia damu inamchemka, kwa sababu kilichozuia maji alikuwa akikiona kila siku kutoka dirisha la darasa lake.

Mambo yalianza hivi. Mwaka wa 1984 mvua ilikataa katakata. Watu wakala ugali wa mahindi ya manjano ya msaada huku wamekunja uso, na mtaro mkubwa uliopita kando ya shule ukakauka mpaka watoto wakawa wanachezea mpira humo. Shule nayo ilikuwa imejaa pomoni. Wazazi wakaitisha harambee, wakabeba mawe wenyewe, wakajenga chumba cha darasa la tatu katikati ya mtaro, kwa kuwa hapo ndipo palipobaki nafasi. Hakuna aliyeuliza maji yatapita wapi. Maji yapi, jamani, na mbingu zimefunga?

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, mbingu zikafunguka. Maji yakagonga ukuta wa darasa, yakakosa njia, yakaingia vyumba vya watu nyuma ya shule. Magodoro yakaelea. Ukuta wenyewe ukaanza kuvimba huko chini, ukapata ufa wa kuingia kidole. Na ndani yake bado waliketishwa watoto wa miaka minane.

Siku moja Kavata alikuwa akifundisha darasa la saba vyanzo na athari za mafuriko. Akaandika ubaoni kama kitabu kilivyosema: mvua kubwa, ukataji wa miti, mito kuvunja kingo. Mbeti, msichana ambaye kwao maji yalifika magotini, akainua mkono.

"Mwalimu, na darasa la tatu je?"

Kavata akaona aibu, maana mtoto amesema lililomkwama yeye kooni. Akaandika: kujenga kwenye njia ya maji. Upande wa athari akaandika: ukuta kuanguka. Kisha akawatoa wote nje wakauone huo ufa kwa macho yao.

Hedimasta Muturi akaja mbio, tai imemkaa begani.

"Mwalimu, siku hizi unafundisha siasa?"

"Nafundisha vyanzo na athari."

"Mtihani hauulizi darasa la tatu! Nenda ukafute. Jumamosi tunafungua jengo rasmi, mgeni wa heshima anakuja, wewe unataka kutuvua nguo?"

"Watoe watoto humo kwanza, ndipo nifute."

"Jengo ni salama. Neno moja zaidi, nitaomba uhamishwe uende mbali."

Salama! Kavata alirudi darasani. Hakufuta kitu.

Jumamosi ikafika. Mwenyekiti wa wazazi, Bwana Irungu, mfanyabiashara wa mbuzi kule Kiamaiko, alileta mabeberu wawili wa kuchoma. Muturi akasimama mbele ya wazazi, akalisifu jengo mpaka jasho likamtoka: imara, la kisasa, salama kabisa kwa watoto wetu. Wazazi wakapiga makofi. Hata hajamaliza, mvua ikashuka kwa kishindo. Madarasa mengine yalikuwa yamefungwa, watu wakaanza kubanana chini ya upenu.

Kavata akaenda akalifungua darasa la tatu, mlango wazi kabisa.

"Karibuni ndani, wageni wetu," akaita kwa sauti ya ubaoni. "Mheshimiwa, karibu. Viti vipo. Hedimasta amesema ni salama."

Mgeni wa heshima akachungulia. Maji yalikuwa yakipenya kwenye ufa na kutapakaa sakafuni. "Nitangoja kwenye gari," akasema, akaondoka. Irungu naye akakumbuka nyama inaungua, ingawa moto ulikuwa umezimwa na mvua kitambo.

Akabaki Muturi. Mama Wakiuru, ambaye bintiye alikuwa akikaa dawati la karibu na ukuta ule ule, akajipenyeza mbele, kitambaa cha kichwa kimelowa chapachapa.

"Ingia basi wewe, hedimasta."

Wazazi wote wakageuka kumtazama. Muturi akacheka kidogo, akaweka mguu mmoja ndani. Ukuta ukalia, changarawe zikadondoka majini. Akaurudisha mguu upesi kama aliyekanyaga kaa la moto.

Hakuna aliyecheka. Mama Wakiuru alimtazama kiatu, kisha akamtazama usoni.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema. "Na Jumatatu ungemwambia mwanangu aingie."