Bastola ya Mkono wa Kushoto

Sajini, fundi wa silaha wa kikosi, alikuwa amepewa bastola mbili azijaribu, jeshi lichague moja. Hakuzionea huruma hata kidogo. Alizifukia mchangani, akazizamisha topeni, akaziangusha sakafuni, kisha akazifyatua. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya kupendeza, na shabaha yake haikuwa na mfano. Ya pili askari waliibatiza Tofali, na kwa sura hiyo hakuna aliyeitetea. Lakini Tofali ilitema tope ikaendelea kufyatua, wakati ile nyepesi ilikwama hapa na pale.

"Ikisafishwa haitakwama," alisema kanali, mwenyekiti wa kamati. Moyo wake ulikuwa umeshaangukia ile nyepesi.

Sajini hakubishana naye. Alikwenda kwa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa koplo kabla ya kupoteza mkono wa kulia vitani, akamwomba azijaribu hizo bastola mbele ya kamati.

"Dada, mambo hayo usiniingize."

"Sikulazimishi. Ila watakaopewa hizo bastola ni wenzako."

Koplo akavuta viatu vyake. Alihangaika na kamba kwa mkono mmoja, na dada yake akajizuia kumsaidia.

Kwenye uwanja wa shabaha, kanali alimpa kiti. Akashukuru, akabaki amesimama. Aliishika ile nyepesi, ikiwa haina risasi, kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kikatafuta kifungo cha usalama. Kilikuwa upande wa pili. Akaikandamiza bastola kifuani ili akifikie kwa kidole kingine, ikamponyoka, ikaanguka.

"Hata siku ile ilikuwa hivi," alisema. Dada yake alishusha pumzi. Tangu arudi vitani, koplo hakuwahi kuitaja siku ile. "Mkono wa kulia ulikuwa umeshakwisha. Dereva wangu amebanwa miguu garini, ananiambia polepole tu, fungua usalama, koplo, fungua. Maadui walimfikia nikiwa bado natafuta kifungo kama hicho." Akamgeukia kanali. "Na bastola yangu ilikuwa safi, afande. Niliisafisha asubuhi ile ile."

Kanali aliinama mwenyewe akaiokota bastola.

Tofali ilipotiwa risasi, koplo aliikwamisha sehemu yake ya juu kwenye ukingo wa mkanda wake, akaisukuma chini, sehemu hiyo ikarudi nyuma na risasi ikaingia chemba, tayari kufyatuliwa. Akafungua usalama kwa kidole gumba hicho hicho cha kushoto, akafyatua mpaka risasi zikaisha. Matundu yalitawanyika vibaya, lakini yote yalikuwa ndani ya ubao wa shabaha.

"Hii," alisema, akaiweka mezani.

Kamati ilichagua Tofali, ingawa mmoja wao alinung'unikia uzito wake hadi mwisho.

Njiani, koplo alipunguza mwendo. "Mama yake dereva ananisubiri, dada. Sijafika kwake tangu nirudi."

"Twende, nikusindikize."

"Mpaka mlangoni tu. Ndani nitaingia peke yangu."

Wakageuza njia.