Taa Chini ya Foronya

"Inawaka hivyo tangu lini?" fundi wa simu aliuliza, akiielekeza kidole taa ya ujumbe kwenye simu ya stoo.

"Wiki tatu sasa," alijibu mtunza stoo ya mashuka. "Nilidhani imeharibika, nikaifunika kwa foronya."

Foronya! Fundi aliivuta pembeni. Wiki tatu zilizopita aliunganisha simu za majengo mawili ya hospitali. Namba 214 ilikuwa katika majengo yote mawili: jengo la juu stoo ya mashuka, jengo la chini benki ya damu. Mtu akiacha ujumbe wa sauti, mtambo ulimtafuta mwenye namba kwenye orodha ya jengo la mpigaji kwanza. Ukimpata, unaishia hapo hapo. Mpangilio huo aliuweka yeye mwenyewe, kwa mbwembwe, hata majaribio hakufanya.

Na leo saa nane mchana wifi yake, mkunga wa jengo la juu, angesimama mbele ya kamati. Mzazi mmoja wodini kwake alicheleweshewa damu nusu saa. Alipona, Mungu mkubwa, lakini mhudumu wa damu aliapa hakuachiwa ujumbe wowote. Mkunga akaonekana mwongo, na kazi ilikuwa inamponyoka.

Tangu harusi, mawifi hawa walikuwa paka na panya. Nikinyamaza, nani atajua? fundi aliwaza, na palepale akajionea aibu. Akabonyeza kitufe cha ujumbe.

"Benki ya damu, mkunga hapa. Chupa mbili, kundi O, haraka. Kaka yangu, nijibu, nisikie tu kwamba umenisikia."

Ukafuata ujumbe wa pili. Wa tatu, sauti ikitetemeka. Fundi alifuta machozi kwa ile foronya.

Saa nane aliisikilizisha kamati jumbe zote tatu.

"Mkunga alituma," alisema. "Mtambo ukapeleka kwenye mashuka. Na mtambo niliupanga mimi."

Mganga mkuu alivua miwani. "Unajua unachokisema?"

"Najua, daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Haya, kaupange upya sasa hivi. Barua yako ya onyo utaikuta mezani. Mkunga, rudi kazini."

Fundi alirudi mezani kwake, akafungua mpangilio. Kwa wodi zote akatanguliza orodha ya idara za dharura, ndipo ifuate ya jengo. Stoo akaipa namba nyingine kabisa. Wifi yake alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Jaribu," fundi alisema bila kugeuka.

Wifi akabonyeza 214. "Benki ya damu, mkunga hapa. Nijibu, nisikie tu kwamba umenisikia."

Wakangoja.

"Wifi, ungenyamaza, nani angejua?" mkunga aliuliza.

"Foronya ingejua."

Wifi alicheka bila kutaka. Simu ikalia, fundi akaiweka kwenye spika.

"Nimekusikia, dada," alisema mhudumu wa damu. "Safari hii nimekusikia. Nisamehe."

Mkunga aliketi kwenye kiti cha fundi, akalia kwa kwikwi, huku ameushika mkono wa wifi yake na hauachii.