Mama Mkwe Aliyekunywa Keki

Siku ile mjinga alikuwa Bizimana, na hata leo ukimuuliza hakatai. Atakuongezea tu kwamba ujinga wake ulikuwa na sukari ya kutosha.

Bizimana alikuwa fundi cherehani pale Gitega, mtaa wa Kigali, na watu walisema mdomo wake una uzi mrefu kuliko cherehani yake. Dunia ilikuwa imeshamchapa vya kutosha: kibanda chake cha kwanza kiliungua, mshirika wake wa pili akatoroka na mikasi. Vyote vilikwenda, kikabaki kicheko, naye akakitumia kila siku bila kukipumzisha. Aliyekipata zaidi ni mkewe, Mukeshimana, ambaye mtaa ulimwita Mama Shami.

Juma lile alikuwa anamtania kwa ajili ya keki. Tangu lini, aliuliza, mtu akaimimina chai ndani ya keki? Chai hukaa kikombeni, keki hukaa sahanini, na wote wawili hukutana tumboni kwa heshima zao.

"Chai na keki ni mtu na shemeji yake," alisema. "Wakae meza moja, sawa. Chumba kimoja, hapana."

Mukeshimana hakucheka. Kwake haikuwa keki tu.

Babu yake mzaa mama alikuja Kigali kutoka Ujiji enzi za wapagazi, na chumvi na vitambaa, na katika mizigo ile ilikuwamo sufuria ya chuma cha kusubu, yenye mfuniko ulioinuka ukingoni ili makaa yasiporomoke. Unaweka makaa chini, unaweka makaa juu, na katikati keki inajua yenyewe la kufanya. Mzee aliokea humo keki ya aina moja tu maisha yake yote: unga, mayai, samli, tende, na badala ya maziwa, chai kavu, ile watu wa Kigali huiita mukaru, imechemshwa mpaka imekuwa nyeusi kama wino, na iliki na pilipili manga kidogo. Maziwa, hata tone. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kama usivyouliza kwa nini kanzu haina kola.

Sasa sufuria ilikuwa ya binti wa mzee, Uwimana, mama yake Mukeshimana, aliyeishi Gahanga na mikono iliyochoka kuinua chuma. Alikuwa ametangaza kwamba ataitoa kwa binti mmoja kati ya wawili alionao, yule atakayeoka keki ambayo ulimi wake utaitambua kuwa ni ya baba yake. Dada mkubwa, Kaliza, aliyeishi Kagugu, alikuwa ameshapewa zamu. Alifuata sheria bila kukosea. Mama akala kipande, akasema ni nzuri, kisha akaomba maji ya kunywa. Kila mtu alisikia yale maji.

Ikabaki zamu ya Mukeshimana. Yeye alizaliwa wa pili, na tangu utotoni kila kitu kilimfikia kimeshapita kwa Kaliza: viatu, madaftari, magauni. Bizimana alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana alimjulia mkewe palepale kwenye cherehani, alipoletewa naye magauni ya Kaliza ayapunguze kiuno. Sufuria ile ingekuwa kitu cha kwanza kumfikia moja kwa moja. Basi utani wa Bizimana ulikuwa wa mdomoni tu. Moyoni alikuwa anaomba dua.

Ijumaa ile Mukeshimana aliichemsha chai mapema, akaichuja ndani ya birika, akaifunika kwa kitambaa na kuiacha rafuni ipoe, kwa sababu chai ya moto huyapika mayai kabla ya wakati wake. Akawasha makaa. Bizimana aliporudi kutoka msikitini alimkuta anatoka, anakwenda kwa jirani yao Béatha, mfuga kuku, kuchukua mayai. Akamwambia aangalie moto, na jikoni asiguse kingine. Béatha alikuwa mtu wa kuulizana hali mpaka ya mbuzi, kwa hiyo safari ile, ingawa ni ya kuvuka uchochoro, haikuwa fupi.

Hajamaliza kuvuka, mama mkwe akaingia. Alikuwa amepata lifti ya gari la mizigo kutoka Gahanga, akafika kabla ya kutarajiwa.

Sasa elewa taabu ya Bizimana. Kwa desturi ya kwao, mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamtanii, hamkodolei macho, hatafuni chochote mbele yake. Na mtu kama Bizimana ukimnyang'anya utani umemfunga mikono na miguu. Alimkaribisha kiti, akauliza habari za Gahanga. Nzuri. Za mvua. Nzuri. Za maharage. Yanaendelea. Za kuku. Hana kuku. Hapo maneno yakaisha, Bizimana akawa kama mtu aliyekalia pini na hawezi kuinuka.

Kitu kimoja tu humwokoa mwenyeji katika hali ile: kumpa mgeni kikombe mkononi. Akaomba ruhusa, akaingia jikoni, akaiona birika. Alimshukuru Mungu kwa kumpa mke anayeona mbali. Hakujiuliza chai imekaa pale ya baridi kwa nini, wala imekuwa nyeusi hivyo kwa nini. Ya baridi, pasha. Nyeusi, tia maziwa. Na kwa kuwa ni mama mkwe, akatia maziwa kwa ukarimu, yale freshi yaliyokuwa ya mtoto wao Shami, na sukari mpaka kijiko kikaona uzito.

Uwimana alionja, akasita. Akachungulia ndani ya kikombe, kisha akamtazama mkwe wake usoni, jambo asilolifanya tangu siku ya harusi. Akanywa chote polepole, akanyoosha mkono kuomba kingine. Bizimana alimimina huku kifua kimemjaa. Alipomaliza cha pili akaomba cha tatu, na Bizimana akaanza kufikiri kwamba pengine cherehani haikuwa riziki yake, angefungua mkahawa.

Ndipo Mukeshimana akaingia na mayai ndani ya pindo la kitenge. Aliona rafu tupu. Aliona birika mezani inatoa mvuke. Akamwona mama yake na kikombe kilichojaa.

"Mama," alisema taratibu, "unakunywa keki."

"Najua," alisema Uwimana. "Ndiyo maana nimeomba tena."

Bizimana anasema amepokea makonde mengi ya dunia, lakini jicho alilotupiwa na mkewe pale lilikuwa la namna yake. Kwa mara ya kwanza watu wawili walimwona amefunga mdomo bila kuwa na pini kinywani.

Chai nyingine ingeweza kuchemshwa, lakini ingepoa lini? Makaa yalikuwa yameshakuwa meupe, Kaliza alikuwa njiani, naye angetaka kuwahi kurudi Kagugu kabla jua halijashuka. Mukeshimana alisimama kidogo, mkono kiunoni. Kisha akakichukua kile kikombe cha tatu mkononi mwa mama yake, kabla hakijaguswa, akakirudisha birikani, akaitumbukiza birika kwenye beseni la maji baridi. Iliyobaki ilikuwa kidogo, tena imeshatiwa maziwa. Ilipopoa haraka kwa uchache wake, akarowekea tende humo humo. Sukari akaipunguza kwa kukisia, maana chai ilikuja na ya kwake. Alikoroga, mgongo umewageukia wote wawili. Bizimana alipewa kazi ya kupepea makaa, akapepea kama mtu anayelipa kaffara.

Kaliza alipofika, harufu ya iliki ilikuwa imeshatoka mpaka uchochoroni. Mfuniko ukaondolewa. Keki ya babu ilijulikana kwa weusi wake. Hii ilitoka na rangi ya kitambaa cha kaki, imeumuka vizuri, imepasuka kidogo katikati. Mukeshimana alimkatia mama yake kipande, akakaa chini, akayaficha mikononi mwake makombo yaliyokuwa yamedondoka kwenye kitenge.

Uwimana alikula. Akala kipande cha pili. Maji hakuomba.

Kaliza alionja ncha ya kipande, akaweka sahani chini.

"Hii iko na maziwa," alisema.

"Iko nayo," alisema Mukeshimana. Hakutafuta pa kujificha.

Bizimana akaona wakati wake umefika. Akaeleza yote, kuanzia pini alizokalia hadi kijiko cha sukari, akalichukua kosa lote akaliweka kichwani pake. Ingekuwa vizuri kama angekomea hapo. Lakini alipoona kona ya mdomo wa mama mkwe inacheza, uzi ukamponyoka, akaongeza kwamba, kwa haki kabisa, mpishi wa keki ile ni yeye, mkewe alivunja mayai tu. Mukeshimana akamrushia kitambaa cha birika kikamfunika uso.

Kaliza hakuwa na kicheko siku ile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametii sheria, na anayetii sheria huumia akiona aliyeivunja anashangiliwa. Alisema keki ni tamu, hakatai, lakini tamu na ya babu ni vitu viwili. Sharti lilikuwa kutambua. Chai kavu ni chai kavu. Kama kila mtu atatia anachokikuta nyumbani, basi kesho kutakuwa na keki ya babu ya soda. Alisema kwa mpangilio mzuri. Bizimana mwenyewe, chini ya kitambaa chake, aliona hoja imekaa sawa kama mshono wa pindo.

Mukeshimana aliinuka. Akakung'uta majivu kwenye mfuniko, akaufuta, akaulaza juu ya sufuria, akaisogeza sufuria karibu na mlango, mahali ambapo mtu anayeondoka kwenda Kagugu angeiona kwa urahisi.

"Babu hakutia maziwa, Mama," alimalizia Kaliza. "Hata tone."

Uwimana aliokota kombo la mwisho kwa ncha ya kidole, akalila.

"Babu yako hakuwa na ng'ombe," alisema. "Mukeshimana, osha sufuria yako."